Karatasi ya kolesto na hatari ya moyo: kusoma kolesto isiyo ya HDL, ApoB na Lp(a), mwongozo kamili kwa wakazi wa Tanga

Chukua wanaume wawili wa Ngamiani, kila mmoja ana miaka 54. Hakuna anayevuta sigara, hakuna mwenye kisukari, namba ya juu ya presha ni 146 kwa wote wawili, na kolesto ya jumla ni 5.6 mmol/L. Ukiwatafuta kwenye chati ya hatari ya Shirika la Afya Duniani (WHO), utawakuta wamekaa kisanduku kimoja na watapewa ushauri mmoja. Sasa soma mstari wa pili wa karatasi zao za maabara. HDL, ile inayoitwa kolesto nzuri, ya wa kwanza ni 0.9, ya mwenzake ni 1.9. Toa HDL kwenye kolesto ya jumla: wa kwanza anabaki na 4.7, wa pili 3.7. Tofauti hiyo ya 1.0 ni kolesto iliyomo kwenye chembe zinazoweza kupenya ukuta wa mshipa, na chati haikuiona.

Mwongozo huu unahusu hiyo hesabu ya kutoa, inayoitwa kolesto isiyo ya HDL (kwenye karatasi nyingi huandikwa non-HDL), pamoja na vipimo viwili vinavyoikamilisha: ApoB (hesabu ya chembe zenyewe) na Lp(a) (chembe ambayo kiwango chake hurithiwa). Tumemlenga mkazi wa Tanga mwenye majibu mkononi, na tabibu au mtaalamu wa maabara anayetakiwa kumweleza. Uamuzi wa dawa unabaki kwa daktari anayemjua mgonjwa.

Jambo moja kwanza. Mwenye kifua kinachobana, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkononi, jasho la baridi, au upande mmoja wa mwili uliolegea ghafla, apelekwe hospitali sasa hivi. Kolesto haitambui mshtuko wa moyo unaoendelea. Hiyo ni kazi ya kipimo cha umeme wa moyo na troponini, protini ya moyo inayopimwa kwenye damu.

Kinachohesabiwa ni nini

Kolesto, ambayo vitabu huiita lehemu, haiyeyuki kwenye maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo husafirishwa ikiwa imepakiwa kwenye chembe ndogo mno. Fikiria bandari ya Tanga na mkonge: chembe ndiyo jahazi, kolesto ndiyo robota la mkonge. LDL iliyoandikwa kwenye karatasi yako, ile inayoitwa kolesto mbaya, ni hesabu ya marobota ya kundi moja la majahazi. Kolesto isiyo ya HDL ni marobota ya makundi yote yanayoweza kugonga gati, yaani ukuta wa mshipa: LDL, VLDL (hubeba hasa trigliseridi, mafuta mengine ya damu), mabaki yake, na Lp(a). ApoB ni hesabu ya majahazi yenyewe, kwa kuwa kila jahazi la namna hiyo lina nahodha mmoja tu, protini moja ya ApoB.

Gati huumizwa na wingi wa majahazi yanayoligonga, hata kama kila moja limepakia kidogo. Mtu mwenye kisukari, kitambi au trigliseridi za juu huwa na majahazi mengi yenye marobota machache machache. LDL yake inasomeka vizuri, anapongezwa, anarudi nyumbani, na ukuta wa mshipa unaendelea kuchimbwa. Huyo ndiye mtu tunayemtafuta.

Kabla ya kuchomwa sindano

Swali la kwanza la kila mtu ni kama aje na njaa. Kwa kolesto ya jumla, HDL, kolesto isiyo ya HDL, ApoB na Lp(a), hakuna haja. Mlo wa kawaida hupandisha trigliseridi kwa wastani wa 0.3 hivi, na kolesto isiyo ya HDL hushuka kama 0.2. Chai na andazi la asubuhi havikuharibii kipimo. Mlo wa harusi ni jambo jingine: pilau na nyama usiku wa manane, kisha damu saa mbili asubuhi, trigliseridi zitakuwa juu kuliko kawaida yako. Ikiwa umewahi kupata trigliseridi zinazozidi 4.5, hapo ndipo unapofunga kwa muda wa saa 9 hadi 12, maji ukinywa kama kawaida.

Wakati wa Ramadhani, njoo asubuhi mapema badala ya alasiri. Mwili ukishapungukiwa na maji, damu huwa nzito na namba zote hupanda kidogo. Kama kuna nafasi ya kusubiri, wiki mbili au tatu baada ya Idi ni bora zaidi, mlo ukisharudi kwenye mkondo wake.

Usipime ukiwa mgonjwa. Hili linaharibu majibu mengi kuliko suala la kufunga. Malaria, nimonia, taifodi au upasuaji hushusha kolesto ya jumla na HDL na kupandisha trigliseridi. Aliyepimwa akiwa na homa huambiwa kolesto yake ni nzuri, na akirudi mwezi unaofuata inaonekana imepanda bila sababu. Subiri wiki 4 tangu upone. Ujauzito hupandisha mafuta yote ya damu, kwa hiyo mama asubiri angalau miezi 3 baada ya kujifungua.

Kisha kaa. Aliyetembea kwa miguu kutoka Makorora, akasimama foleni saa nzima, akachomwa akiwa bado amesimama, anaweza kuwa na kolesto iliyo juu kwa karibu asilimia 10 kuliko ambavyo angepimwa akiwa amelala, kwa sababu ukisimama maji hutoka kwenye mishipa kwenda kwenye nyama za mwili. Dakika 10 hadi 15 za kukaa kitini zinatosha. Tumia dakika hizo hizo kupima presha: mgongo umeegemea, miguu haijakunjana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kitambaa cha mashine juu ya ngozi tupu, hakuna kuongea. Pima mara mbili ukiacha dakika moja au mbili katikati. Kahawa chungu ya barazani iwe imepita nusu saa au zaidi, na haja ndogo umeshaimaliza. Presha iliyopimwa vibaya hupotosha chati kuliko kolesto iliyopimwa vibaya, na mara nyingi ndiyo inayofanywa kwa haraka.

Damu ikishatoka

Sehemu hii ni ya watu wa maabara, ila mpimaji makini na mteja makini wote wanafaidika nayo. Mpira wa kufunga mkono usizidi dakika moja. Ukikaa sana, damu ya hapo hukolea na kolesto hupanda. Chupa ya kifuniko chekundu au cha njano mililita 5 inatosha kwa vipimo vyote vitatu. Iache wima dakika 30 igande, kisha uizungushe kwenye mashine na kutenga seramu, yale maji ya damu yanayobaki juu. Lengo ni seramu itengwe ndani ya saa 2. Joto la Tanga la Januari na Februari halisamehe chupa iliyosahauliwa dirishani.

Itazame seramu kabla ya kuiingiza mashineni. Seramu safi ni ya njano hafifu na inaonyesha maandishi yaliyo nyuma ya chupa. Ikiwa na ukungu kama maji ya mchele, trigliseridi ziko juu. Ikiwa nyeupe kama tui la pili, ziko juu sana, na LDL ya kukokotoa haitafaa kabisa. Andika kwenye karatasi kwamba seramu ina mafuta. Trigliseridi zikivuka 10 kongosho liko hatarini, na daktari apigiwe simu siku hiyo hiyo. Seramu nyekundu ni chembe nyekundu za damu zilizopasuka, kwa kawaida kutokana na kuvuta bomba kwa nguvu au kutikisa chupa. Chukua damu nyingine.

Kipimo cha mafuta cha kawaida hufanyika maabara nyingi za mjini. ApoB na Lp(a) mara nyingi husafirishwa kwenda maabara kubwa, na Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Kwa hiyo kabla ya kutoa mkono uliza mambo matatu: kinafanyika hapa hapa au kinasafirishwa, majibu ya Lp(a) yatatoka kwa nmol/L au mg/dL, na bei ni ipi. Kinachosafiri kiwe seramu iliyokwisha kutengwa, kwenye nyuzi 2 hadi 8, ndani ya kisanduku chenye vipande vya barafu. Damu nzima haipaswi kulazwa juu ya barafu, chembe nyekundu za damu zitapasuka.

Vipimo vya kidole kwenye kambi za upimaji vinafaa kama mwanzo tu. Kidole chenye mafuta ya mikono, au kinachokamuliwa kwa nguvu mpaka maji ya mwilini yachanganyike na damu, hutoa namba ya uongo. Na vibanzi vya kupimia vilivyoachwa kwenye gari la moto haviaminiki tena. Ukipata namba ya kushtua kambini, usianze dawa: nenda ukatolewe damu ya mshipani.

Vizio, mahali ambapo wengi hupotea

Mtu anakuja na karatasi mbili, moja inasema kolesto 217, nyingine 5.6, na anaamini ameponyeka. Ni namba ile ile. Ya kwanza ni mg/dL, ya pili ni mmol/L. Kwa kolesto ya jumla, LDL, HDL na isiyo ya HDL, gawanya mg/dL kwa 38.67 upate mmol/L. Kwa trigliseridi gawanya kwa 88.57, ukitumia 38.67 utapata trigliseridi zaidi ya maradufu ya zile za kweli. ApoB huja kwa mg/dL au g/L, nayo ni rahisi: 130 mg/dL ni 1.30 g/L. Lp(a) usiibadilishe kabisa kutoka mg/dL kwenda nmol/L. Chembe za Lp(a) hutofautiana ukubwa kati ya mtu na mtu, kwa hiyo uzito wake hauwezi kugeuzwa kuwa idadi kwa kuzidisha na namba moja. Isome kwa kizio kilichoandikwa.

Hesabu yenyewe

Mchukue yule mwanaume wa kwanza: kolesto ya jumla 5.6, HDL 0.9, trigliseridi 2.9, zote mmol/L.

Kolesto isiyo ya HDL: 5.6 − 0.9 = 4.7.

LDL ya kukokotoa, kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972 ambayo maabara nyingi bado huitumia: kolesto ya jumla, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwake ni 5.6 − 0.9 − 1.3 = 3.4. Kwa mg/dL ungegawanya trigliseridi kwa 5.

Sasa linganisha. Kwa mtu wa kawaida, kolesto isiyo ya HDL huizidi LDL kwa karibu 0.8. Kwake pengo ni 1.3. Pengo likipita 1.0, shuku kwamba kuna majahazi mengi ambayo LDL haiyasemi, na hapo ApoB ndiyo itakayothibitisha. Kwa mtu mwenye pengo la 0.7 na trigliseridi chini ya 1.7, ApoB kwa kawaida itarudia tu kile ambacho kolesto isiyo ya HDL imeshasema. Tunashauri ahifadhi fedha yake.

Kanuni ya Friedewald haifanyi kazi trigliseridi zikizidi 4.5, na hudanganya hata kabla ya hapo LDL ikiwa ndogo. Kolesto isiyo ya HDL haina udhaifu huo, kwa kuwa trigliseridi haziingii kwenye hesabu yake. Ndiyo sababu tunaiweka mbele: haihitaji njaa wala mashine mpya, na haikuongezei hata shilingi juu ya kipimo ulichokwisha kulipia.

Ukiona LDL ya 4.9 au zaidi, acha hesabu za hatari. Tafuta kwanza chanzo: tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, protini kwenye mkojo, ini lenye njia za nyongo zilizoziba. Ukivikosa, huenda ni kolesto ya kurithi, na mtu huyo anahitaji tiba bila kujali chati inasema nini.

Kutumia chati ya WHO

Chati hizi zilitolewa upya mwaka 2019 kwa kanda 21 za dunia. Tanzania iko ukanda wa Afrika Mashariki kusini mwa Sahara; hakikisha karatasi uliyonayo ndiyo ya ukanda huo, maana ya Ulaya au ya Asia itatoa namba tofauti kwa mtu yule yule. Zipo za aina mbili. Ya maabara hutumia umri, jinsia, sigara, namba ya juu ya presha, kisukari na kolesto ya jumla. Isiyo ya maabara huweka uwiano wa uzito na urefu mahali pa kolesto na kisukari. Jibu la zote mbili ni asilimia ya uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10.

Anza na nusu ya wenye kisukari au wasio nacho, kisha jinsia, kisha sigara, kisha kundi la umri, kisha mstari wa presha, mwisho safu ya kolesto. Safu ni tano: chini ya 4, 4 hadi 4.9, 5 hadi 5.9, 6 hadi 6.9, na 7 kwenda juu. Mwanaume wetu ni asiye na kisukari, asiyevuta, umri 50 hadi 54, presha 140 hadi 159, safu ya 5 hadi 5.9. Aliyeacha sigara chini ya mwaka mmoja uliopita mhesabu kama mvutaji.

Chini ya 5 ni kijani, 5 hadi chini ya 10 njano, 10 hadi chini ya 20 rangi ya chungwa, 20 hadi chini ya 30 nyekundu, na 30 kwenda juu nyekundu iliyokolea. Kwa utaratibu wa WHO, kuanzia 20 mtu hupewa statini, dawa ya kushusha kolesto.

Wapo wasiopaswa kuwekwa kwenye chati hata kidogo. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, hatari yake inajulikana tayari. Kadhalika mwenye kolesto ya jumla ya 8 au zaidi, na mwenye ugonjwa sugu wa figo. Na walio chini ya miaka 40: chati haianzi kabla ya hapo, na kumweka kijana wa 33 kwenye mstari wa 40 ni kumpa jibu ambalo si lake.

Kuna mambo mazito ambayo chati haiyaulizi. Baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65. Kifafa cha mimba au presha ya ujauzito. Kuishi na VVU, ambako huongeza hatari ya moyo hata virusi vikiwa vimefubazwa. Kila moja kati ya hayo lisomwe kama sababu ya kumsogeza mtu juu, na kama sababu ya kutafuta Lp(a).

Kusogeza kadirio kwa kutumia kipimo cha damu

Wanaofaidika zaidi ni wale wa katikati, asilimia 5 hadi 20. Mwenye asilimia 2 hatahama sana, na mwenye 30 ameshaamuliwa.

Hatua ya kwanza ni kolesto isiyo ya HDL. Hapa usizidishe chochote. Kolesto ya jumla imeshaingia kwenye chati. Ukizidisha tena kwa ajili ya kolesto isiyo ya HDL au ApoB, umelihesabu jambo moja mara mbili. Tumia namba hii kujua mtu amekaa ukingo gani wa kisanduku chake. Yule wa 4.7 yuko ukingo wa juu. Yule wa 3.7 yuko ukingo wa chini. Ulaya walikwenda mbele zaidi: kikokotoo chao cha SCORE2 cha mwaka 2021 kina chati zinazotumia kolesto isiyo ya HDL moja kwa moja. Usishawishike kukitumia Tanga. Kimesawazishwa kwa takwimu za magonjwa za huko, na namba nzuri ya ndani yake haifidii jambo hilo.

ApoB, kama pengo lilikufanya uipime: kuanzia 130 mg/dL, miongozo ya Marekani ya 2018 huihesabu kuwa sababu ya kuongeza hatari, hata LDL ikiwa ya wastani. Mwanaume wetu tuseme amepata 134. Sasa tunajua pengo lile halikuwa bahati mbaya ya hesabu.

Lp(a) ni habari nyingine, na ndiyo tunayotamani watu wa pwani hii waijue zaidi. Iligunduliwa mwaka 1963 na Kåre Berg wa Norwei. Ni jahazi la LDL lililofungwa protini ya ziada, na kiwango chake huamuliwa karibu chote na jini moja ulilorithi kwa wazazi. Mtoto hufikia kiwango chake cha utu uzima akiwa na miaka kama mitano. Chakula, mazoezi na kupunguza uzito havikishushi kwa maana yoyote, na statini haikishushi pia. Hivyo hupimwa mara moja maishani. Vinavyoweza kukivuruga ni ugonjwa mkali, figo zinazovujisha protini, na thairoidi iliyolala, vikitibiwa, rudia.

Mipaka inayotumika: chini ya 75 nmol/L (30 mg/dL) si tatizo, 125 nmol/L (50 mg/dL) kwenda juu ni sababu ya kuongeza hatari, katikati ni eneo la kijivu. Zaidi ya 430 nmol/L (180 mg/dL), hatari ya maisha yote hukaribia ile ya kolesto ya kurithi.

Watu wenye asili ya Afrika huwa na Lp(a) kubwa kuliko wengine. Kwenye takwimu za UK Biobank nchini Uingereza, kiwango cha katikati kwa Weusi kilikuwa 75 nmol/L, kwa Wazungu 19. Katika takwimu hizo hizo, kila nyongeza ya 50 nmol/L iliambatana na ongezeko la asilimia 11 la hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa. Kutokana na hayo tunapendekeza hesabu hii. Chati ya ukanda wetu imesawazishwa kwa watu wa ukanda wetu, ambao tayari wana Lp(a) ya kwao. Kwa hiyo usianze kuhesabu kutoka sifuri wala kutoka 19. Anza na 75, kisha hesabu hatua za 50 zilizo juu yake, na kwa kila hatua zidisha kwa 1.11.

Tuseme kisanduku cha mwanaume wetu kilisoma 8, na Lp(a) yake ni 275 nmol/L. Toa 75, zinabaki 200, hatua nne. 1.11 ikizidishwa mara nne ni 1.52. Nane mara 1.52 ni 12. Ametoka njano akaingia rangi ya chungwa. Usimwambie mtu "12.2", hesabu hii haina makali hayo. Mwambie yuko kati ya 10 na 15, na kwamba ApoB yake na presha yake vinamvuta kwenye upande wa juu. Kama majibu yake ni ya mg/dL, usifanye hesabu hii; tumia mpaka wa 50 tu.

Makosa mawili tunayaona yakirudi. La kwanza ni kumtisha mtu: Lp(a) ya 275 si dharura, ni urithi alioishi nao tangu utotoni. La pili ni kinyume chake: kwa kuwa kufikia sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kuishusha, mtu anaambiwa kipimo hakina faida. Faida ipo. Hatari isiyoshikika kwa mkono mmoja hupunguzwa kwa kukaza vile vinavyoshikika: presha, sigara, sukari, na kolesto isiyo ya HDL.

Baada ya namba

Malengo ya kolesto isiyo ya HDL kwa miongozo ya Ulaya ya 2019 ni chini ya 3.4 kwa hatari ya wastani, chini ya 2.6 kwa hatari kubwa, na chini ya 2.2 kwa hatari kubwa sana, kama aliyekwisha kupata mshtuko. Kwa ApoB ni 100, 80 na 65 mg/dL kwa mpangilio huo huo. Statini ya kiwango cha kati hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 49. Ya kiwango cha juu hufika 50 na kuvuka. Mama mjamzito asitumie bila daktari kuamua. Anayetumia ARV zenye ritonavir aseme kabla ya kuandikiwa, kwa kuwa simvastatini haipaswi kuchanganywa nazo. Maumivu makali ya misuli na mkojo wa rangi ya kahawa nzito ni sababu ya kuacha dozi na kurudi kituoni siku hiyo.

Kwa upande wa jiko, namba mbili huenda njia mbili. LDL hupandishwa na mafuta yaliyoshiba, na pwani hii chanzo chake kikubwa ni tui, siagi, mafuta ya mgando na nyama ya mafuta. Hatusemi wali wa nazi ufutwe Tanga. Tui zito la kwanza liwe la siku za wageni, siku nyingine tumia tui la pili au mafuta ya alizeti kidogo. Trigliseridi hupandishwa zaidi na sukari, wanga uliokobolewa na pombe: chai ya vijiko vinne, soda, juisi ya miwa, chapati tatu asubuhi, mnazi wa jioni. Mtu mwenye pengo kubwa kama mwanaume wetu ataona mabadiliko ya haraka akianzia huku. Samaki wa kuchoma, maharage, mbogamboga za Lushoto na machungwa ya Muheza yakiliwa mazima badala ya kukamuliwa, vyote vinasaidia.

Rudia kipimo cha mafuta wiki 6 hadi 12 baada ya kuanza dawa au kubadili mlo, maabara ile ile, saa zile zile, ukiwa umekaa vile vile. Kolesto ya mtu yule yule hucheza kwa asilimia 5 au 6 kati ya siku na siku bila lolote kubadilika, trigliseridi kwa 20 au zaidi. Kushuka kutoka 4.7 hadi 4.5 si mafanikio wala kushindwa. Kushuka hadi 3.3 ni dawa inayofanya kazi. Isiposhuka, uliza kwanza kama vidonge vinamezwa kila siku, kabla ya kuongeza dozi.

Lp(a) haina miadi ya kurudia, ila ina ndugu. Mwenye kiwango cha juu, kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kulirithi jini hilo, na ndugu wa baba na mama mmoja nao wapo karibu. Aandike namba, kizio, tarehe na jina la maabara kwenye daftari la kliniki, na nakala moja ikae nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.